Majina ya Makaa

Mama wa Posho hakumwuliza mtu jina. Ulifika na debe lako la mahindi, ukalitua kwenye foleni, naye akakutazama mara moja tu, kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka raba za miguuni, kisha akachukua kipande cha makaa na kuandika ubavuni mwa debe kile alichokiona. Kuanzia hapo hilo ndilo lililokuwa jina lako, pale kwenye kinu chake cha kusagia posho na, baada ya miezi michache, katika nusu ya mji wa Elburgon.

Sababu alikuwa nayo. Madebe yote yalifanana, yale ya mafuta ya kupikia yaliyokatwa mdomo, na kila mtu aliamini kwamba mahindi yake ni bora kuliko ya jirani. Ukimpa mtu unga wa mwenzake utasikia maneno mpaka Jumapili kanisani. Kwa hiyo aliandika, tena kwa ukamilifu: kabila la mtu, au hali yake, au vyote viwili, kisha mahali anapokaa. Mkamba Kigugumizi, Kwa Reli. Mjane wa Pili, Nyuma ya Kiwanda cha Mbao. Tasa, Mtaa wa Chini. Boi wa Muhindi alikuwa mpishi wa mfanyabiashara mmoja wa mbao, mzee wa wajukuu sita aliyekuja kusaga akiwa amevaa koti na tai. Akiitwa Boi alijibu haraka, na sikuwahi kumwona akikasirika.

Debe letu liliandikwa Mama Wasichana, Darajani. Nyumbani tulikuwa wasichana watano na hakuna mvulana hata wa dawa. Pale kinuni mama alicheka na wenzake na kuitikia, lakini tukikaribia nyumbani alitua debe, akatemea mate ncha ya leso na kusugua mpaka maandishi yakabaki doa. Hakutaka baba ayaone. Baba alikuwa ameshaambiwa hayo hayo na mama yake mzazi, na kila alipokumbushwa chakula cha jioni hakikulika kwa amani. Mimi nilikuwa wa pili kati ya wale watano, nilijua kusoma, na nilimchukia Mama wa Posho kwa moyo wangu wote. Nalisema mapema ili mtu asidhani nakuja kumsifu.

Lakini pia nilimpenda, na hapo ndipo taabu ya kumweleza inapoanza.

Yule aliyemwandika Tasa, kwa mfano, alimsagia bure miaka yote. Siku moja mume wa mama huyo alikuja kumtafuta na fimbo, kwa sababu alichelewa kurudi. Mama wa Posho alisimama mlangoni na spana ya injini mkononi. "Hapa ni foleni," akamwambia. "Kama ni kupiga mtu, anza na mimi. Mimi ndio niko mbele." Mwanamume yule alitazama spana, akatazama mkono ulioishika, akarudi alikotoka. Sote tulipiga makofi. Jumamosi iliyofuata Mama wa Posho akaandika Tasa kwenye debe lile lile, kwa herufi nzuri na kubwa, wala hakuona kwamba kuna jambo la kushangaza.

Mama yangu aliwahi kumwuliza kwa nini hufanya hivyo. Alimjibu kwamba mumewe alipofariki, shemeji zake walikuja kuchukua kinu. Walisema mwanamke hawezi kuzungusha injini, na kwamba akivuka mkanda unapozunguka utakatika. "Waliniita kila kitu, hata sijamaliza kukaa msiba," alisema. "Nikaona heri mimi ndio nikuwe nikiita watu." Injini aliizungusha. Mkanda haukukatika. Shemeji zake wakawa wanapanga foleni wakiwa na majina waliyopewa, na mengine siwezi kuyarudia mbele ya watoto.

Ukimwona kwa mara ya kwanza ungeshtuka. Unga ulimkaa usoni kutwa, kwenye nyusi, kwenye kope, mpaka ndani ya mikunjo ya shingo. Asubuhi za mwezi wa saba, ukungu wa msituni unaposhuka mpaka barabarani, uso wake ulipotea kabisa mle kinuni, ukabaki ukiona kitambaa cha kichwa na mikono miwili ikifanya kazi. Wenye vinu wengine hupiga kelele ili wasikike juu ya injini. Yeye alikuwa amekata tamaa ya kusikika zamani, kwa hiyo alisema kwa midomo tu, bila sauti. Injini ikizimwa ghafla, midomo iliendelea. Ulikaa pale katika kimya kile ukitazama jina lako likipita mdomoni mwake, na ngozi ikakusisimka bila sababu yoyote ya maana.

Sasa niseme siku yenyewe.

Ulikuwa mwaka wa vita, baada ya kura. Barabara zilikuwa zimefungwa, dizeli haikupatikana, na madebe ya watu yalikuwa yamekaa kinuni siku ya nne yakingoja. Mimi na mama tulikwenda kuangalia letu. Ilikuwa saa sita mchana, moshi wa nyumba zilizochomwa kule mbali umetanda chini chini mpaka jua likawa jekundu. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Vijana wanane hivi waliingia. Hawakuwa wa kwetu. Tuliwaona wakishuka kwenye lori. Hutanisikia nikisema walikuwa kabila gani, wala waliowatafuta walikuwa kabila gani. Kama umekulia huku, sasa hivi unataka sana kujua, na hamu hiyo yako ndiyo ninayoizungumzia.

Nilitegemea kelele. Hapakuwa na kelele. "Sasa, mathe," mmoja alimsalimu Mama wa Posho, kama anayemsalimu mama yake, kisha wakapita polepole mbele ya madebe, mmoja akisoma kwa sauti ya chini na wengine wakirudia. Walisoma letu, wakapita. Walisoma la Boi wa Muhindi, wakacheka kidogo, wakapita. Wakafika kwenye debe la mama mmoja mwembamba, mkimya, aliyekuja kila Jumamosi na mtoto mgongoni. Yeye aliandikwa kabila lake, na chini yake mahali alipokaa, karibu na tanki la maji, kwa neno moja: Tanki.

"Mathe, hii tanki ni gani?" akauliza yule msomaji. "Ile ya stesheni ama ile ya juu?"

"Ya juu," akajibu Mama wa Posho.

Alijibu jinsi alivyokuwa akimjibu kila aliyeuliza njia, kwa miaka yote ile. Kijana akamwambia asante. Walipotoka nilimwona akiinua mkono polepole na kujifunika mdomo, na alipouondoa, alama ya vidole vitano vya unga ilibaki usoni pake. Mama alinivuta tukatokea mlango wa nyuma. Debe letu tuliliacha.

Ilipofika saa tisa, moshi ulikuwa ukipanda kutoka upande wa tanki la juu. Mume wa yule mama mwembamba alikatwa mapanga langoni pake, akafa hapo. Mke na mtoto hawakuonekana. Wengine walisema walipenya msituni wakatokea Molo. Wengine walitikisa kichwa tu.

Nimesikia watu wakimwita Mama wa Posho msaliti. Hakuwa msaliti. Aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kilichotokea, na mimi nimemwamini: "Mdomo ulijibu, mimi mwenyewe nikiwa bado sijafika."

Baada ya siku ile hakuandika tena. Alianza kufunga vitu kwenye mpini wa debe: kifungo cha shati, unyoya wa kuku, kipande cha kamba ya mkonge. Ulikumbuka chako. Na hakumwita mtu kitu chochote tena isipokuwa "wewe". Mjane alikuwa wewe, chifu alikuwa wewe, mchungaji wa kanisa letu alikuwa wewe. Ungedhani watu watafurahi, lakini walianza kumwogopa. Wengine walihamishia mahindi yao kwenye kinu cha upande wa pili, wakisema kwamba mwanamke yule akisema "wewe" unahisi ameona kitu nyuma yako.

Debe la mama wa tanki alilibakiza. Aliliweka juu ya rafu, karibu na dirisha, na kwanza kabisa akayasugua maandishi kwa jivu na sabuni mpaka bati likang'aa. Mwezi wa saba, ukungu uliposhuka, maandishi yakarudi. Nilicheka nilipoambiwa, kisha nikaenda kuangalia. Yalikuwa yamerudi kweli, kabila na Tanki, hafifu, rangi ya chai. Akalisugua tena kwa mchanga. Mwaka uliofuata, mwezi ule ule, yakarudi. Fundi mmoja wa mabati alinieleza kwamba kutu hufuata mafuta ya mkono wa mwandishi. Labda. Lakini mimi nilikuwa nimeshaacha kuingia mle kinuni peke yangu.

Kila mavuno alilijaza mahindi. Kila baada ya wiki kadhaa yalikuwa yameshuka, kwanza vidole viwili, kisha shubiri nzima. Mama alisema ni panya. Panya, lakini, hula na kumwaga, na pale chini ya rafu sikuwahi kuona hata punje moja. Nilipomwuliza Mama wa Posho, hakuonekana kuogopa. "Si ni yake," alisema.

Alichokitaka kilikuwa kimoja, na mji mzima ulikijua. Alitaka kumpata yule mama amwombe msamaha. Na hakuweza hata kuanza kumtafuta, kwa sababu hakujua jina lake. Utamwuliza nani, na utasemaje? Kambi za waliofukuzwa zilijaa maelfu ya watu wa kabila lile. Utasimama langoni uulize mwanamke mwembamba? Alijaribu. Alikwenda Molo, akaenda Nakuru kwenye uwanja ambako watu walilala kwenye mahema, akarudi. Kisha akaanza kuuliza kila aliyekuja kusaga: "Wewe. Yule wa tanki, jina lake lilikuwa nani?"

Hakuna aliyejua. Hilo ndilo linalonifanya mpaka leo nione haya. Shamba la kule tanki la juu walikuwa wamekodi, na mwenye shamba mwenyewe alikuwa akimwita kwa kabila lake na kumaliza. Mama yangu alisimama nyuma yake kwenye foleni kila Jumamosi kwa miaka minne, wakaazimana leso siku za mvua, wakabebeana watoto. Hakujua. Sote tulikuwa tumeridhika na makaa.

Miaka ilipita, na mambo ya maneno yakabadilika. Chifu aliitisha baraza kutufundisha maneno tusiyopaswa kuyatamka tena. Alikuwa na karatasi kutoka juu. Shida ni kwamba ili atukataze ilibidi ayasome, na kipaza sauti kilikuwa kizuri siku hiyo, yakasikika mpaka sokoni. Madoadoa. Kwekwe. Yote ya kuwaita watu wa kabila lisilotakiwa mahali. Akaendelea. Watu walitazama viatu vyao. Kwenye neno la tano au la sita Mama wa Posho alisimama, akajipangusa sketi. "Wewe," akamwambia chifu. "Umeyaita yote. Sasa nani atayarudisha?" Akaondoka, na hakuna aliyecheka.

Siku hizi tumestaarabika. Hatusemi kabila, tunasema jamii, tena tunalitamka kwa upole, kama mtu anayebeba sufuria ya moto. Mwanamke asiyezaa haandikwi popote. Binti yangu aliye darasa la nne alinikaripia niliposema boi wa shamba: "Mum, hatusemi hivyo. Ni mfanyakazi." Nilifurahi, kusema kweli; nilikumbuka mzee yule wa tai. Jioni hiyo hiyo nikamsikia na wenzake wakimwita mtoto mgeni wa mtaani Omena, kwa sababu ya dagaa wanaopendwa kwao. Nilimwita ndani nikamwuliza mtoto huyo anaitwa nani hasa. Hakujua. Nilimtuma akamwulize saa hiyo hiyo, na nilisimama mlangoni mpaka akarudi na jibu. Mume wangu alidhani nimeshikwa na wazimu.

Nilimweleza Mama wa Posho kisa hicho, siku moja nilipomtembelea. Alinisikiliza huku akipanga vifungo vyake. "Neno halikuwa na makosa," alisema. "Makosa ni mimi sikuuliza lingine."

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi Naivasha, kwenye shamba la maua, upande wa kufunga. Unasimama kutwa ukipanga waridi kwa urefu, na mikono ikizoea, mdomo unabaki huru. Pale ndipo nilipowekwa meza moja na msichana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, asiyependa mazungumzo. Siku moja nilitaja Elburgon. Akaacha kufunga.

"Sisi tulitoka huko nikiwa mdogo, kule kwa tanki ya juu," alisema. "Mama alikuwa anasiaga unga huko kwa," akataja jina, majina matatu, la kwanza, la kati na la baba.

"Huyo ni nani?" nilimwuliza, maana sikuwahi kulisikia.

"Si yule mama wa posho. Wewe umetoka Elburgon na humjui?"

Hapo nikajua nimesimama na mtoto wa mama wa tanki. Baada ya hapo nilimweleza kila kitu, vibaya, bila mpangilio, maua yakirundikana mbele yetu na msimamizi akitukodolea macho. Nilimwambia kwamba kuna mwanamke mzee anayelitafuta jina la mama yake tangu siku ile. Nilimwomba anipe nimpelekee. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ya kwanza mama alifika pale, alimuuliza mwenye kinu, mama unaitwa nani," alisema. "Akaambiwa majina yote matatu. Akayashika. Yeye hakuulizwa lake. Si hiyo siku, si Jumamosi yoyote, miaka nne. Sasa anataka la nini?"

"Anataka kuomba msamaha."

"Mama alikufa. Mwambie hivyo. Jina lake sitoi."

Nilidhani amemaliza. Lakini tulipokuwa tunavua aproni jioni, alinifuata kwenye bomba la maji. "Kitu ingine," alisema. "Kila siku kabla alale, mama alikuwa anamuombea. Miaka yote. Alikuwa ananong'ona, sikuwa nashika maneno, ni ile jina tu. Sijui kama ilikuwa baraka ama laana. Hiyo pia unaweza mwambia."

Nilikaa na maneno hayo miezi miwili. Nilikuwa nimeacha kazi Naivasha na kufungua duka dogo mtaa wa Free Area, Nakuru, na kila siku nilijiambia nina shughuli. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mwishowe nikafunga duka siku moja ya Jumanne, nikapanda kwenda Elburgon.

Kinu sasa kinatumia umeme na kimekodishwa. Yeye nilimkuta nyumbani kwake, amekaa kwenye kiti mlangoni mchana kweupe, amejifunga blanketi, macho yamefunikwa na utando mweupe. Hakukuwa na unga usoni pake, na kwa muda sikuwa na hakika kwamba ni yeye. Midomo ndiyo iliyonihakikishia. Ilikuwa ikitembea.

"Wewe," alisema kabla sijamsalimu. "Umempata."

Sijui alijuaje. Nilipiga magoti karibu na kiti chake. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yote yakanipotea, nikamwambia ukweli ulivyokuwa: kwamba nilimpata binti tu, kwamba mama mwenyewe amekufa, na kwamba binti amekataa kutoa jina.

Aliitikia kwa kichwa mara moja, akakubali. "Amefanya vizuri," alisema. Chozi lilimtoka kwenye jicho moja tu, na hakulifuta.

Nikamwambia habari ya maombi. Hapo mikono yake ilitulia kabisa juu ya blanketi.

"Aliniombea nini?"

"Binti hakusikia."

"Mema ama mabaya?"

"Mama, hajui. Alikuwa akisikia jina lako tu."

"Gani?" aliuliza. "Aliniita nani?"

Nilimtajia. Yote matatu, polepole, jinsi nilivyoyapokea kwenye meza ya maua. Naamini hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu azikwe mumewe. Aligeuza uso, wala si kwangu. Aligeukia juu ya bega langu, barabara inakopanda kuelekea msituni, ambako nilikuwa nimetazama muda mfupi kabla na hapakuwa na mtu.

"Abee," akaitikia.

Aliitikia kwa sauti ya msichana anayeitwa na mkubwa wake, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Kisha akanyamaza, kichwa amekiinamisha upande, akisikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu. Mara moja alisema, "Ndiyo," na mara moja alianza kusema kitu akakatizwa, akanyamaza tena kwa adabu. Sikugeuka kutazama nyuma. Nina watoto wawili na duka, nimepita gizani mara nyingi bila woga, lakini adhuhuri ile, jua likiwa utosini, sikuthubutu kugeuza shingo.

Alipomaliza alitafuta mkono wangu kwa kupapasa, akaushika kwa nguvu nisizodhani bado anazo. Nilimwuliza ameambiwa nini. Alitikisa kichwa kukataa.

"Ile jina," aliniambia, "usinitajie tena. Wewe wala mtu mwingine. Akiniita nataka nijue ni yeye."

Nilimwahidi. Amezikwa sasa, na siku ya mazishi kasisi alipofungua karatasi asome wasifu wake, nilitoka nje ya kanisa nikasimama barabarani mpaka akamaliza. Sijalitamka tangu siku ile, na hapa pia sikuliandika.